Tofali Zinaenda Rujewa

Bibi Devotha wa Kalenga hakuwa mtu wa kukubali jambo haraka. Watu wa semina walipomwambia kwamba nyumba yake ibomolewe ili ajengewe mpya, aliwatazama kuanzia viatu mpaka kofia, akasema, "Nyumba yangu ni mbaya, naiona. Lakini ipo." Akaingia ndani akafunga mlango, na kuku wake wakaingia naye.

Aliyekuja kumlainisha alikuwa Tupokigwe, na hilo ndilo lililomtesa baadaye.

Tupokigwe ni mama wa Iyunga, Mbeya, mjane, mtu wa kanisani. Kwa miaka mingi akina mama wenzake walikuwa wakimtuma kuwaangalia wazee wanaoishi peke yao. Huyu paa linavuja, yule ukuta umeinama. Alichoweza ni kuomba nao na kuwasombea udongo wa kuziba nyufa. Kwa hiyo shirika moja lilipotangaza mafunzo kwa watu wanaosaidia jamii kujenga nyumba za gharama nafuu, na kwamba yangefanyika Kalenga kule Iringa, kanisa lilimchagua yeye. Alilia kwa furaha. Tangu amalize darasa la saba hakuna aliyemwita mwanafunzi tena.

Furaha ikazidi alipofika akakuta mwalimu ni Gideon. Gideon yule yule wa shule ya Jumapili! Tupokigwe ndiye aliyemfundisha sala yake ya kwanza, akiwa katoto kenye kamasi kasikojua kufumba macho yote mawili kwa pamoja. Sasa alikuwa baba mzima, ana buti na kofia ngumu ya kazini. Mbele ya darasa zima alimwinamia, akasema, "Shikamoo mama. Jamani, huyu ndiye aliyenilea kiroho."

Wanafunzi walipangwa kulala kwa wenyeji, na Tupokigwe akaangukia kwa Bibi Devotha.

"Kamwene," bibi alimsalimu mlangoni.

"Kamwene, bibi." Hicho ndicho Kihehe pekee alichokuwa amejifunza njiani.

"Wewe Mnyakyusa, hapa hakuna ndizi. Hapa ni ugali, tena mgumu."

"Bibi, nitakula mpaka mwiko."

"Mwiko wangu uache, nimeachiwa na mama mkwe."

Wakacheka, na urafiki ukaanzia hapo. Bibi alisali rozari yake upande mmoja wa moto, Tupokigwe akaomba kwa namna ya kwao upande wa pili, na hakuna aliyemuudhi mwenzake. Wiki haikuisha, bibi akawa anamwita mwanangu.

Darasani walifundishwa mengi mazuri. Walifundishwa kutoingia kijijini na majibu mfukoni, bali kuwauliza wenyewe. Siku moja wanakijiji walichora kijiji chao kwa majivu kwenye uwanja wa ofisi ya kijiji, kila nyumba na njia yake, kisha kila mtu akapewa punje ya hindi aiweke kwenye nyumba yenye shida kuliko zote. Punje zikajaa kwa Bibi Devotha. Watu wakapiga vigelegele. Gideon akatangaza kwamba hapo ndipo watakapofanyia mafunzo ya vitendo.

Bibi akakataa, kama nilivyokwisha kusema, na mlango ukafungwa.

Ndipo Gideon akamfuata Tupokigwe bombani, akamtwisha ndoo kwa mikono yake mwenyewe.

"Mama, bibi anakusikia wewe tu. Ongea naye. Mvua zinakaribia."

"Nitaongea. Lakini hiyo nyumba, Gideon, itakuwa yake kabisa?"

Gideon akacheka. "Mama na wewe! Sasa tunamjengea nani?"

Tupokigwe akacheka pia, akaona aibu kwa kuuliza.

Jioni hiyo alimweleza bibi yote, jinsi kuta zitakavyokuwa na jinsi bati litakavyokinga mvua. Bibi alikuwa akipukuchua mahindi, hakuinua kichwa.

"Unasema wewe?"

"Nasema, bibi."

"Sikuulizi wale wenye kofia. Nakuuliza wewe."

"Mimi ndiye ninayesema."

Bibi akaweka gunzi chini. "Basi, mwanangu. Wabomoe."

Nyumba ile ilijengwa na marehemu mumewe. Bibi hakutaka kuona, akaenda kukaa jikoni kwa jirani na kuku wake. Tupokigwe ndiye aliyeyatoa nje mafiga matatu, meusi ya masizi, akayapanga vizuri chini ya mti wa parachichi. Nguzo za nyumba zikawa kuni za kuchemshia chai ya semina. Kuta zikawa kifusi cha kujazia msingi mpya.

Matofali yalikuja na lori la shirika. Yalikuwa ya kufungamana, yale yenye pua juu na tundu chini, yanapangwa makavu bila udongo wala saruji katikati. Tupokigwe aliyapenda. Hata mwanamke wa umri wake aliweza kuinua ukuta! Mwanafunzi mwenzake, fundi Saulo wa Rujewa, aligeuza tofali moja mkononi akasema, "Hizi mbona nyingine zina chokaa? Hizi zimeshawahi kuvaa nguo za ukuta mwingine."

"Za sampuli hizo," Gideon alijibu. "Panga kazi, fundi, acha maneno."

Kuta zilipofika juu Saulo akauliza tena, "Mwalimu, lenta tunamimina lini? Bila zege la kufunga juu, kuta hizi zimesimama tu."

"Awamu ya pili. Kwa sasa wekeni mbao. Na misumari ya bati msiigongomee mpaka mwisho."

Saulo akamtazama Tupokigwe, Tupokigwe akatazama pembeni. Alijiambia kwamba mwalimu ndiye anayejua. Mtoto aliyemfundisha kuomba hawezi kuwa na jambo baya moyoni.

Nyumba ikaisha. Ilikuwa na vyumba viwili, dirisha la mbao, na sakafu laini ambayo bibi aliifagia asubuhi na jioni ingawa haikuwa na vumbi. Wageni walikuja kupiga picha, bibi akasimamishwa mlangoni amevaa kitenge cha sikukuu. Alitundika rozari ukutani. Mafiga yakarudi kwenye pembe yao, na Tupokigwe akawasha moto wa kwanza. Bibi aliutazama moshi unavyotafuta njia, kisha akasema, "Mume wangu angeona hii, angejifanya kaijenga yeye."

Siku ya kufunga mafunzo walipanga viti uani kwa bibi, ili wageni waione kazi. Vyeti viligawiwa, soda zikanywewa, wageni wakaondoka na magari yao. Ilibaki sala ya kufunga tu. Hapo lori likaingia kwa kinyumenyume, na vijana wa kupakia mizigo wakaruka chini.

"Umeleta nini?" Tupokigwe alimuuliza dereva, mtu wa makamo aliyeitwa Sedekia.

"Sijaleta, mama. Nachukua. Hizi tofali zinaenda Rujewa, wanafunzi wengine wanaanza Jumatatu." Akaipima nyumba kwa macho. "Hii ndogo. Ile ya Mafinga ilitusumbua, yule mzee alijifungia ndani."

Tupokigwe alimwendea Gideon aliyekuwa akikunja bango.

"Gideon. Lori linasema nini?"

Gideon hakuuliza lori gani. Alimshika mkono akamsogeza pembeni. "Mama, nisikilize taratibu. Tofali ni vifaa vya kufundishia. Bati na mbao vilevile. Tulipewa seti moja, inazunguka wilaya zote. Mradi wetu ni wa mafunzo, siyo wa kumjengea mtu."

"Ulijua tangu mwanzo?"

"Bibi tunamwachia sakafu. Sakafu nzuri kabisa, mama. Shirika lingine likija linaanzia pale pale."

"Na kwa nini hukumwambia?"

"Angekubali?" Gideon aliangalia saa yake. Kisha akasema neno ambalo Tupokigwe hajaweza kulitoa kifuani mpaka leo. "Halafu mama, mimi sikumwahidi bibi kitu chochote. Aliyekwenda kumwahidi ni wewe."

Alilisema kwa upole, kama mtu anayemkumbusha mwenzake mwavuli aliousahau.

Watu walikuwa wamesimama wakisubiri. Labda kwa kuogopa macho yao, Gideon akapaza sauti, "Basi jamani, tufunge. Nitamwomba mama yetu Tupokigwe atuongoze kwa sala."

Tupokigwe hajawahi kukataa kuomba. Ameomba misibani, hospitalini, hata mbele ya mlevi aliyekuwa akimtukana. Vichwa vikainama. Vijana wa lori nao wakavua kofia.

"Leo omba mwenyewe, Gideon," alisema. "Nilikufundisha."

Gideon akafumba macho, akakohoa, akaanza, "Baba yetu," akasimama hapo. Akasema amina. Hakuna aliyeitikia isipokuwa dereva.

Bati lilitoka upesi, maana misumari haikuwa imegongomewa mpaka mwisho. Kuta zikashuka mstari kwa mstari, na vijana wakirushiana matofali huku wakiimba kidogo, wakaacha kuimba walipomwona bibi. Mwenyekiti wa kijiji alikuja, akapiga simu, akaambiwa ndivyo mradi ulivyo. Saulo aliweka begi lake kwenye lori.

"Unaenda nao?" Tupokigwe alimuuliza.

"Lori linaenda kwetu, mama. Nikifika kabla hawajapakua, kuna mtu Rujewa atajua asibomoe."

Bibi Devotha alikuwa amekaa chini ya mparachichi na rozari mapajani. Tupokigwe alipiga magoti mbele yake.

"Ulijua?" bibi aliuliza.

"Sikujua, bibi. Mungu ananiona."

"Nilikuuliza wewe," bibi alisema. "Wale sikuwauliza." Kisha akanyoosha kidole kuelekea sakafuni, ambako mafiga yalibaki peke yake. "Mgeni, nisaidie kuyatoa. Moto nitauwasha kwa jirani."

Mgeni. Tupokigwe aliyabeba mawe yale moja moja, yakiwa bado na joto.

Wenzake waliondoka na basi la Mbeya na vyeti vyao. Yeye hakupanda. Alilala kwa jirani, asubuhi akaazima jembe na kibao cha kufyatulia tofali za udongo, akaanza kuchimba nyuma ya sakafu ile. Akina mama wawili wa jumuiya ya bibi wakaja na ndoo za maji, hawakumsalimu sana lakini wakakanyaga udongo pamoja naye. Mawingu yalikuwa yameshajaa upande wa milimani. Tofali mbichi za mwanzo zilikaa juani zikionekana chache mno.

Alijaribu kumwombea Gideon akiwa anafyatua. Maneno yalikuwa yakifika kwenye jina, yanakwama. Akaacha, akasema moyoni, Bwana, hili unisubiri.

Mchana bibi akatoka jikoni kwa jirani na sahani mbili za ugali na maharage. Moja akaiweka juu ya sakafu, karibu na mikono ya Tupokigwe iliyojaa tope. Nyingine akaenda kuila mbali kidogo, chini ya mparachichi.

"Kula, mgeni," alisema. "Ugali ukipoa hauliki."

Tupokigwe akanawa mikono, akala.