Kumi na Tisa Haifutwi

Fundi jirani yetu wa mtaa wa Mabawa alifariki Jumatatu kwa homa ya mapafu. Mhariri wa gazeti letu la shule alitaka safu hii izungumzie mechi ya netiboli. Atanisamehe, na asiponisamehe basi. Mnaonisoma mnanijua: nikiulizwa swali darasani sauti hunipotea hata kama jibu liko ulimini. Lakini kalamu haina haya, na sitaki habari za marehemu zisemwe na watu wasiomjua.

Alikuwa fundi mashine katika shamba la mkonge, na uani kwake aliunda motaboti kwa mbao za mvule na injini kuukuu aliyoifufua mwenyewe. Mwaka juzi klabu ya Wazungu kule ghubani ilitangaza kwamba mashindano yao ya motaboti yako wazi kwa kila mwenye chombo. Kwao kila chombo hupewa nambari, ikaandikwa kubwa omoni, mbele ya chombo, pande zote mbili, ili waamuzi walioko gatini waisome kwa mbali. Bingwa huvaa nambari moja. Wengine hufuata kwa zamu ya kujiandikisha. Na vyombo viwili havivai nambari ile ile. Asiye na nambari, hata akitangulia, hakufika. Marehemu akaenda kuomba yake. Ya mwisho kutolewa ilikuwa kumi na nane. Akajibiwa kwamba nambari zimekwisha. Alipotusimulia barazani alicheka mpaka akakohoa. "Nimesikia sukari imekwisha, mafuta ya taa yamekwisha. Nambari?" Kisha akachukua brashi na rangi nyeupe, akaandika kumi na tisa.

Siku yenyewe tulijaa ufukweni. Kijana mmoja akamtania, "Fundi, leo washindana na samaki?" Naye akamjibu, "Samaki hawana nambari, bwana. Mimi ninayo." Wenzake walipoondoka naye akaondoka nyuma yao, bahari haina mlango. Akayazunguka maboya yote, akamaliza wa nne. Mtangazaji akasoma nambari za waliofika, yake akairuka. "Na kumi na tisa je?" akauliza mama mmoja muuza mihogo. Ufukwe mzima ukaipokea, kumi na tisa, kumi na tisa, mpaka mtangazaji akashusha kipaza sauti chake. Hakupewa kitu. Ila tangu siku ile hakuna mtu Mabawa aliyemwita kwa jina jingine.

Juzi, matanga hayajaondolewa, akaja karani wa klabu. Ni mwenzetu, si Mzungu, na kofia aliishika mkononi. Mjane yuko edani, haonani na wanaume wa kando, kwa hiyo alikaa nyuma ya pazia nami nikasimamishwa mlangoni kupeleka maneno.

"Mwanangu, mwambie mama poleni sana. Mwambie pia kuna chombo kipya kimetoka Mombasa, kimepewa kumi na tisa. Wakubwa wanaomba ile ya marehemu ifutwe, isilete mkanganyo."

"Mkanganyo gani," mjane akaninong'oneza, "na kuku wanataga ndani ya chombo chenyewe? Mwambie nambari zimekwisha."

Ningeweza kulainisha: mama amechoka, rudi siku nyingine. Ndivyo tulivyolelewa kusema. Lakini nilimkumbuka dada yangu, aliyeambiwa nafasi za shule zimekwisha ilhali dawati tupu linaonekana dirishani, naye akashukuru akarudi nyumbani. Nikasema kama nilivyotumwa, na sauti haikunipotea.

"Mama anasema nambari zimekwisha."

Karani akajiziba mdomo kwa kofia. "Ndiyo nikawaambie hayo?"

"Hayo hayo."

Akaenda zake. Kumi na tisa ingali pale uani, pande zote mbili, na anayeitaka aje na brashi yake atukute mlangoni. Tangu darasa la kwanza nafundishwa kuhesabu na sikujua ni kwa kazi gani. Sasa najua: ni ili mtu akikuambia zimekwisha, wewe utaje inayofuata.