Siri ya Bibi Ersilia Niliitoa Mimi

Bibi Ersilia anakaa ghorofa ya saba, sisi ya sita. Ni Mtaliano, lakini Kiswahili chake ni cha Malindi, maana alikaa huko miaka arobaini. Alifika bibi harusi wa miaka ishirini na mitatu, mumewe fundi wa mabomba ya hoteli. Mume akafa, akazikwa huko huko. Binti yao, Loredana, akaja huku Guangzhou, China, kununua nguo za kuuzia watalii, akaolewa na Liang, mwenye karakana ya kushona kule mtaa wa Kangle. Alipojifungua akamwita mamake aje amlelee mtoto. Bibi akaja na masanduku mawili, moja la nguo, jingine la unga na sanamu ya Bikira Maria iliyoviringwa taulo.

Jumapili mimi humsindikiza kwenye kanisa la mawe karibu na barabara ya Yide Lu, kwa kuwa Kichina hajui.

"Jirani msindikize," baba aliniambia, "lakini wewe Mwislamu, usiende kupiga magoti."

Sikupiga. Nilichungulia tu.

Loredana na Liang walikuwa wamepatana kwamba mtoto wao, Leo, atachagua dini mwenyewe akikua. Mama yake Liang alitaka kumpeleka hekaluni akafungwe uzi mwekundu wa baraka mkononi. Akakatazwa, akatii. Bibi naye akaitikia kwa kichwa.

Siku moja natoka shule, nikamkuta jikoni amemshika Leo juu ya sinki, kifua wazi.

"Swalha, njoo nishikie kichwa. Shingo usiiachie."

"Anaoga?"

"Anabatizwa."

"Si kazi ya padri hiyo?"

"Padri ataniuliza wazazi wako wapi. Shika."

Akammiminia maji mara tatu kwa kikombe cha kahawa, akisema maneno ya kwao. Leo akapiga chafya. Kisha Bibi akakaa, akanieleza habari za mdogo wake, aliyeishi siku mbili tu, huko kwao milimani. Alikufa kabla ya ubatizo, wakamzika nje ya ukuta wa makaburi. Mama yao kila akipita pale aligeuza uso.

"Mimi siwezi kugeuza uso," akasema. "Usimwambie mtu."

"Haki ya Mungu, simwambii."

Nilijitahidi wiki tatu.

Kisha siku moja nilikuwa namsaidia Loredana kukunja nguo za sampuli. Akasema anawashukuru mama zao wote wawili, hakuna aliyevunja neno. Nikacheka.

"Wacheka nini?"

"Hakuna, anti."

"Swalha."

Ningeweza kusingizia chochote. Lakini alikuwa ameacha kazi, ananitazama mimi peke yangu, nami nilipenda kutazamwa vile. Nikamwambia yote, mpaka chafya.

Alipoulizwa, Bibi hakukana. Liang hakupiga kelele, alisema tu kwamba mamake yeye alinyimwa hata uzi. Jumatatu Leo akapelekwa kwa mlezi mtaa wa pili. Bibi akaruhusiwa kumbeba pale tu Loredana akiwepo, basi.

Nilipanda ghorofa ya saba kumwomba radhi. Ngazi zile sijawahi kuziona ndefu hivyo.

"Ulisema uongo?" akaniuliza mlangoni.

"La."

"Basi ingia. Mimi ndiye niliyekutia kwenye uongo wangu, mtoto wa watu."

Heri angenitukana.

"Maji yale siyajutii," akasema. "Namjutia yule mama mwenzangu. Yeye alitii. Nipeleke kwake, utuzungumzie."

Mama yake Liang alitusikiliza akimenya balungi, macho hayainuki. Nilipomaliza kutafsiri akasema neno moja, nami nikakwama.

"Kasema nini?" Bibi akauliza.

"Amekasirika kidogo."

"Sema alivyosema."

"Anauliza, kwa hiyo yeye aliyetii ndiye mjinga?"

Bibi akasema, "Mwambie mjinga ni mimi. Ampeleke Leo akamfunge uzi wake. Loredana nitamwomba mimi."

"Hekaluni, Bibi?"

"Sema, Swalha."

Loredana alikataa siku mbili, ya tatu akakubali. Jumamosi tukasimama nje ya lango la hekalu, mimi na Bibi, wenzetu wako ndani na mtoto. Moshi wa udi unatufikia. Bibi uso umemwiva, midomo yatikisika bila sauti.

"Wametoka?"

"Bado."

Baada ya kitambo, "Wametoka?"

"Bado, Bibi."

Walipotoka, Leo alikuwa anautafuna uzi wake. Mama yake Liang akamnyooshea Bibi mtoto. Bibi hakumpokea mpaka alipomtazama Loredana, na Loredana akaitikia kwa kichwa. Wakatangulia wote. Mimi nilibeba mkoba wa nepi, nikakaa nyuma.

Sasa Leo hushinda kwa bibi yake tena. Nami hukaribishwa kama zamani, biskuti napewa, kahawa ya maziwa napewa. Ila Bibi akiwa anazungumza na Leo, nikiingia, hushusha sauti.