Dokta Itabi na Friji Yake

Sicheki ninapoisimulia hii, na nyinyi mkicheka sitawalaumu, maana watu wa mtaa wetu wa Kasingirima, Ujiji, walicheka mpaka wakachoka, mimi tu ndiye sijafika hapo. Mpaka leo ukiingia mtaani ukauliza kwa Baba Hidaya, yaani mimi, ni wapi, watu watafikiri kwanza, lakini uliza kwa Dokta Itabi uone, hata mtoto aliyezaliwa juzi atakushika mkono akupeleke mlangoni. (Itabi ni tumbaku kwa Kirundi. Udokta sikusomea popote, nilijivika mwenyewe kwa mdomo wangu huu huu.)

Ilikuwa miaka ile ya wakimbizi, ziwa linaleta watu kila kukicha, leo wa Burundi, kesho wa Zaire, na Kigoma yote imejaa magari meupe yenye antena ndefu. Mimi nilikuwa mkalimani wa shirika moja la wazungu. Kazi yangu ilikuwa kusimama bandarini kati ya mtu anayelia na mtu anayeandika, na nilikuwa hodari, sikuona haya kusema kwamba bila mimi hakuna aliyeelewana na mwenzake. Bosi wangu nitamwita Bwana Mrefu. Hakuwa mtu mbaya, alitusalimia vizuri na chai alikunywa na sisi, ila alikuwa na penzi moja duniani, biri, zile sigara nene za kahawia wanazovuta matajiri, na hizo biri alizihifadhi nyumbani kwake ndani ya friji ndogo yenye mlango wa kioo cheusi, friji iliyotengenezwa kwa ajili ya mvinyo.

Alinieleza mwenyewe, tena kwa upole wa mtu anayemwachia yaya mtoto wake. Friji ya kawaida inazikausha biri, akasema, na ukiziacha nje joto la Kigoma linaangua vidudu ndani yake vinazitoboa, lakini hii ya mvinyo baridi yake ni ya kiasi, ukiweka na bakuli la maji humo ndani ili hewa ipate unyevu basi biri zinalala raha mustarehe kama ziko kwao. Sasa likizo yake ilikuwa imefika, na nyumba aliyopanga ilikuwa imevunjwa na wezi wiki chache nyuma, kwa hiyo akaniomba friji ikakae kwangu. Na kwa kuwa umeme wa Kigoma miaka hiyo ulikuwa wa kubahatisha, akanipa na jenereta ndogo na madumu ya petroli. "Isizimike tu," akasema. Nikasema hakuna shida, bosi. (Nani kwetu alikuwa anamwambia bosi wa mzungu kuna shida?)

Shida ilikuwa inanisubiri mlangoni. Baba mkwe wangu, Mzee Rajabu, ni mwadhini wa msikiti wetu na nyumba yake imepakana na yangu, ukuta kwa ukuta. Gari liliposimama alikuwa kakaa barazani kwake, na vijana wakateremsha friji ile ubavu wenye picha umemwelekea yeye, na picha yenyewe ni chupa na kishada cha zabibu. Nikaruka nikaegemea ile picha kwa mgongo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Hicho ni nini tena, mkwe?"

Nilikuwa na majibu mengi ya kweli. Ningesema ni friji ya bosi, mali ya watu, naitunza tu, na mzee wa watu angenyamaza. Lakini niliona zile zabibu zinanichoma mgongoni, nikamwona na yeye kavaa kanzu anajiandaa kwenda kuadhini, na ulimi wangu, ambao kazi yake ilikuwa kugeuza maneno, ukageuka wenyewe.

"Ni friji ya dawa, baba. Dawa za wakimbizi."

Mzee akanyanyua mikono akaniombea dua pale pale. Mimi na mgongo wangu tukaitikia amina.

Nilikwangua ile picha kwa kisu cha jikoni, na mke wangu akafuma kitambaa cheupe cha kuufunika mlango mzima, kama tunavyofunika redio na kila kitu cha thamani. Naye nilimwambia ni dawa. Aliniuliza mara moja tu mbona dawa zenyewe zinanuka tumbaku, nikamjibu ni dawa ya mapafu. Akaniangalia, akaendelea kufuma.

Na ikaenea. Watu walipoona umeme umekatika Ujiji nzima na kwangu jenereta inanguruma, walisema kweli huyu kakabidhiwa roho za watu. Wakaanza kuniita Dokta, kwanza kwa utani, halafu utani ukaisha wakabaki na udokta. Akina mama walifukuza watoto dirishani kwangu wasipige kelele dawa zisije zikaharibika. Kwenye kahawa nilipishwa kiti. Na mimi, Mungu anisamehe, nilianza kutembea taratibu, mikono nyuma, mtu akiniambia kichwa kinamuuma naguna kwanza kabla ya kujibu. Ufunguo wa friji niliuvaa shingoni kwa uzi, ndani ya kanzu, na kila jioni nilijifungia kuongeza maji kwenye lile bakuli.

Sasa nyuma ya nyumba yetu alipanga chumba mama mmoja Mrundi, Mama Kezia, na binti yake mdogo, Kezia mwenyewe, mtoto mwenye kucheka na kila mtu. Mumewe alibaki huko huko walikotoka, na sote tulijua maana ya kubaki. Makaratasi hakuwa nayo. Alikuwa akifua nguo za watu na kuuza mihogo ya kuchemsha, na jambo alilolihofia kuliko yote ni kupelekwa kambini, kwa hiyo popote palipo na mtu wa kuuliza "umetoka wapi" yeye hapiti, hata hospitali.

Siku moja kabla ya hitma ya marehemu mama mkwe alinikuta bombani.

"Dokta, Kezia ana homa. Anatetemeka."

Hapo ndipo pananiuma. Dukani kwa Mpemba vidonge vya malaria vilikuwepo, hatua chache tu kutoka bombani, na ningeweza kumwambia, mama, mimi sina dawa, kanunue pale, au twende nikakununulie. Lakini kulikuwa na foleni ya ndoo na watu wananitazama Dokta atasema nini. Nikaguna.

"Mpoze kwa maji," nikasema. "Kesho nitaangalia kwenye friji."

Alinishukuru kwa kupiga makofi taratibu, kama wanavyofanya kwao. Jioni akaleta sahani ya bati ya buluu, maharage yameungwa kwa mawese, shukrani ya Dokta. Tukayala. Yalikuwa matamu. Mke wangu akaiosha ile sahani akaiweka pembeni, maana sahani ya jirani hairudishwi tupu, alitaka kesho aijaze pilau ya hitma.

Kesho yake baada ya alasiri baraza langu limejaa, wazee wa msikiti wote wapo, ustadhi anasoma, nyuma wanawake wanapakua pilau, na jenereta inanguruma maana umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Mama Kezia akaingia katikati ya wanaume, hakuvua kandambili wala hakuomba radhi, mtoto kamfunga kwenye kitenge, shingo imelala, macho yamegeuka meupe, mkono mmoja unarukaruka.

"Dokta! Umwana wanje! Mwanangu!"

Mnajua nilisema nini? Nilisema, "Subiri dua iishe."

Mzee Rajabu ndiye aliyefunga msahafu. "Mfungulie, mwanangu. Mungu yupo, dua itasubiri."

"Ufunguo, baba... bosi aliondoka nao."

"Jana nimekuona kwa dirisha unatia maji humo ndani." Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayemkumbusha mwenzake alipoweka miwani. Halafu akautazama ule uzi shingoni kwangu, na baraza zima likautazama, na mimi nikauinamia kama sijawahi kuuona.

Nilijaribu kusema dawa zile si za homa. Mama Kezia akapiga magoti, na mtoto yuko kifuani. Mzee akautoa uzi mwenyewe kupitia kichwani kwangu, kofia ikaanguka, akaingia ndani, akakivuta kitambaa cha mwanawe, akafungua.

Taa ya humo ndani ikawaka. Harufu ikatoka mpaka barazani. Biri zimepangwa juu ya vibao vya mbao, kila moja na pete yake nyekundu na dhahabu, bakuli la maji katikati, baridi inapepea taratibu kwenye nyuso za watu waliokuwa wanatoka jasho.

"Hii ni dawa gani?" akauliza ustadhi, na aliuliza kweli, hakuwa anatania.

Mke wangu alikuwa kasimama mlango wa uani na mwiko mkononi. "Dawa ya mapafu," akasema.

Kuna mtu alicheka. Mmoja tu, akakatisha. Mama Kezia akasimama, akachukua biri moja, akainusa, akairudisha mahali pake vizuri kabisa, kama mtu aliyefundishwa adabu.

"Itabi," akasema. "Ni itabi. Ndiyo wameiwashia jenereta?"

Mzee Rajabu akazunguka nyuma ya nyumba, tukasikia jenereta ikikohoa, kisha kimya, na kwa mara ya kwanza tangu friji ile ije mtaa ukasikia sauti zake wenyewe. Ndipo tulipomsikia na mtoto anavyopumua.

Mgeni mmoja wa hitma alikuwa na pikapu ya kubebea dagaa. Tukapanda. Mimi nilisimama nyuma, nimeshika chuma, kanzu inapepea na magamba ya samaki yananirukia, na njia nzima kutoka Ujiji mpaka mjini watu ambao habari hazijawafikia wananipungia mkono, "Dokta, kwema?" Nami kwa mazoea mkono wangu ukawa unanyanyuka wenyewe kujibu. Nilitamani gari lipinduke, halafu nikakumbuka nani yumo humo mbele.

Hospitali muuguzi akampokea mtoto, akatugeukia kwa hasira, mbona mmemchelewesha hivi, tangu jana mlikuwa wapi? Watu wa pikapu wakanitazama. Mmoja akasema, "Alikuwa kwa Dokta." Muuguzi akauliza Dokta gani, wa wapi?

"Dokta wa itabi," akajibu Mama Kezia.

Jina likazaliwa hapo.

Mtoto alipona. Nalisema mapema kwa sababu najua mmeshaanza kunitazama vibaya. Lakini kitandani pale kuna karani anayepita kuuliza umetoka wapi, na Mama Kezia alikuwa kakesha, hana tena nguvu ya kudanganya, akasema alikotoka. Kezia alipoweza kusimama, gari jeupe likaja kuwachukua wote wawili kwenda kambini. Kitu alichokikimbia miezi yote ile kilimfikia kwa sababu ya vidonge vilivyokuwepo dukani kwa Mpemba. Mizigo yake majirani ndio walioifunga. Mimi nilijitolea kubeba, wakaninyang'anya.

Bwana Mrefu akarudi. Jenereta sikuiwasha tena, Mzee asingekubali na mimi nisingethubutu. Alitoa biri moja akaibinya karibu na sikio lake, ikalia kavu, na kwenye nyingine unga ukamwagika kutoka kwenye matundu ya vidudu. "Umeziua," akasema, na macho yake yalikuwa na machozi, wallahi tena. Nikamweleza habari za mtoto, yote, mpaka na uongo wangu. Akasikitika sana, akasema pole, pole sana. Halafu akauliza, kwa upole ule ule, hivi kweli hakukuwa na mtu mmoja wa kubaki nyumbani aangalie jenereta? Friji akaniachia, hakuwa na haja nayo tena.

Mwezi uliofuata nikatumwa kambini kutafsiri. Mezani kakaa mzungu, mimi ubavuni, foleni mbele, na wa nne kufika ni Mama Kezia na Kezia mkononi. Kezia akanichekea kama alivyomchekea kila mtu. Mama yake akanitazama, akamgeukia mzungu, akasema kwa Kiswahili chake cha kuungaunga, "Uyu hapana. Nitajisemea." Mzungu akaniuliza anasema nini. Nilikuwa na miaka mingi katika kazi ile na sikuwahi kukosa neno. Ilibidi nimtafsirie. Nikamtafsiria, nikasimama, nikaenda kungoja kwenye gari.

Friji bado ipo sebuleni, haijawashwa tena. Harufu haikuisha, mke wangu hawezi kuweka humo hata chumvi. Kilichomo ni ile sahani ya buluu. Siku ile ya kambini nilikuwa nayo garini, nimeijaza migebuka ya kukaanga kutoka Ujiji, nimeifunga kwa kitambaa safi, na nilirudi nayo vile vile, samaki wakaliwa na dereva. Sahani ya jirani hairudishwi tupu, na mpaka leo sijajua niijaze nini.

Basi tangu hapo mtu akiniuliza kitu nisichokuwa nacho, hata kama foleni nzima ya bomba inanitazama, mimi nasema sina. Wanasema Dokta Itabi amekuwa mchoyo siku hizi, kila kitu hana. Waache waseme. Ni neno dogo, sina, na siku moja bombani lilinishinda kulitamka.