Seremala Aliyesimama Mahali pa Kioo

Siku hizi mtoto akivunja kitu cha watu, mzazi wake huuliza kwanza kama kuna aliyemwona. Zamani mtaani kwetu haikuwa hivyo. Mtoto akivunja, mzazi alisimama palipovunjika. Ukiangushiwa lango, baba mtu aliketi langoni pako mchana kutwa mpaka lipatikane jingine. Ukipasuliwa mtungi, mama mtu alikuchotea maji. Wala hakuondoka mpaka mwenye mali atamke, "Pamepona." Bila neno hilo, hata kitu kipya kikifika, mzazi alibaki pale pale.

Wa mwisho kuishika desturi hiyo alikuwa seremala tuliyemwita Randa, kwa kuwa maneno yake yalitoka membamba, moja moja, kama maranda. Mkewe alikuwa amefariki na kumwachia binti wa miaka tisa, mtundu kama nyuki. Mimi nilikuwa nauza vifungo na nyuzi mkabala na duka la fundi cherehani, kwa hiyo ninayoyasimulia sikuhadithiwa.

Binti alitumwa dukani pale kupeleka kigoda. Akaiona mita ya mbao ya kupimia kitambaa, akaizungusha kama rungu, na kioo kikubwa cha wateja kikamwagika sakafuni. Ikabaki fremu tupu.

Randa alikuja na vumbi la mbao kwenye nyusi.

"Dada, nimekuja kusimama."

"Usimame wapi, kaka? Kile kilikuwa kioo, si lango."

"Palipovunjika."

Akaingia ndani ya fremu, mgongo ukutani. Wateja wakacheka. Mama mmoja mnene akasogea na gauni lake jipya. "Haya kioo, nijibu. Nimependeza?"

Randa alimtazama kutoka juu hadi chini. "Limekubana kwapani. Nawe hujalala siku tatu."

Mama yule akaacha kucheka. Gauni likalegezwa.

Randa alipiga randa alfajiri, na duka likifunguliwa yumo ndani ya fremu. Habari zikaenea. Watu walitoka mitaa ya mbali kuja kujitazama kwake. "Kioo hiki hakisemi uongo," walisema, "na wala hakidai kufutwa."

Wiki ya tatu nikaona kioo kipya kikishushwa kwenye mkokoteni. Fundi cherehani alikificha nyuma ya majora ya vitambaa. Nikavuka barabara nikamwuliza mbona hamwachilii mwenziwe.

"Baba vifungo," akanijibu, "na mdomo wako utafutie kifungo."

Nami nikaufunga. Hilo ninalo mpaka leo.

Baada ya hapo nikaanza kuona mambo. Mteja akiinua mkono wa kulia kuweka kola sawa, Randa aliinua wa kushoto. Nilidhani anatania, lakini Randa hakuwa mtu wa utani. Kisha akaacha kusema. Mteja akizungumza, midomo ya Randa ilicheza pamoja na yake, bila sauti. Na pasipokuwa na mtu mbele yake, macho yale yalikuwa kama chumba kilichohamwa.

Wateja wakaanza kushonesha kwingine. Fundi cherehani akaingiwa na hofu, akakitoa kioo mafichoni, akaja akasimama mbele ya fremu.

"Kaka, pamepona."

Midomo ya Randa ikalitamka neno lile lile, wakati ule ule.

"Pamepona, kaka. Nisamehe. Nenda nyumbani."

Vivyo hivyo. Kila alichomrushia kilimrudia.

Ndipo akaitwa binti. Alisimama mbele ya baba yake akatabasamu, naye baba akatabasamu, tukashusha pumzi.

"Baba, twende. Nimeshapika."

Akageuka kuelekea mlangoni. Baba naye akageuka, akapiga hatua kuelekea ukutani, paji la uso likagonga. Binti akarudi, naye akarudi. Akamshika mkono amvute. Baba akavuta pia, kwa nguvu zile zile, upande wake. Walivutana hivyo mchana kweupe, bila sauti, mpaka mtoto akachoka, na baba akachoka papo hapo.

Fundi cherehani alikuwa analia nyuma ya cherehani yake.

"Shangazi, usilie," binti akamwambia. "Nilivunja mimi."

Alikwenda nyumbani peke yake, akarudi na sufuria na vijiko viwili. Kimoja alimtia baba yake mkononi. Akachota, naye akachota. Akapeleka kinywani, naye akapeleka. Kilipoisha chakula akatandika mkeka chini ya fremu, akalala kwa ubavu akimtazama, na mzee yule akajilaza kwa ubavu wa pili.

Hivyo ndivyo Randa alivyoishi miaka yake iliyobaki. Alikula alipokula bintiye, akalala alipolala, akacheka alipocheka. Kwa hiyo binti yule, tangu utoto mpaka alipokuwa mtu mzima, alijizoeza kucheka kila siku, hata siku ambazo hapakuwa na la kuchekesha.