Bibi Soksi

Pale wodi ya wazazi walimwita Bibi Soksi, naye akaitika. Mkunga huyu, miaka ishirini na sita kazini, hakumruhusu mtoto kwenda nyumbani kabla hajamvua soksi, akambana kifaa cha kupima oksijeni ya damu mkono wa kulia, kisha mguuni. Wenzake walipima mkono tu. Miguu ya kichanga hufunikwa isipate baridi, nani ana muda wa kuifunua? Haraka haraka haina baraka, lakini wodi iliyojaa haisikii methali.

Asubuhi moja jua lilijilaza juu ya mashuka, mapazia yakipumua taratibu. Alipompima kichanga aliyekuwa akiruhusiwa kwenda nyumbani, sauti zote zilimwendea mbali, kama mtu aliyezama majini. Mkono, asilimia tisini na nane. Mguu, themanini na tano, ilhali vilipaswa kukaribiana. Akarudia. Themanini na tano.

"Dada, gari linatusubiri," alisema bibi wa mtoto, vifurushi mkononi. "Mjukuu wangu ananyonya vizuri, midomo myekundu. Unamtafutia ugonjwa?"

"Natamani nisiupate, mama. Nipe nusu saa tu."

Daktari wa moyo alipitisha mashine kifuani mwa mtoto. Mshipa mkuu unaoshusha damu miguuni ulikuwa umekatika njiani. Damu ilipitia kijia ambacho kila mtoto huzaliwa nacho, na ambacho hujifunga baada ya siku chache. Kikijifunga, ndiyo basi tena. Wakamtundikia dripu ya dawa ya kukiacha wazi, akapelekwa kupasuliwa. Yule bibi alikaa na vifurushi vyake mapajani.

Bibi Soksi aliingia stoo akalia. Miaka mingi nyuma, mwanawe wa kwanza alikwenda nyumbani na soksi za manjano alizomfumia mwenyewe, mikono ina joto, midomo myekundu. Siku ya tano akapoa, akafariki. Hakuna aliyekuwa amemvua soksi kumpima mguu, hata yeye mama yake, na hilo hajajisamehe.

Miezi miwili baadaye mama wa yule mtoto alirudi naye, miguu wazi.

"Nimemleta hivihivi, shangazi, nisikupe kazi ya kumvua."

Tisini na nane mkononi. Tisini na nane mguuni. Bibi Soksi alitazama namba zile mpaka macho yakamlowa. Kisha akatoa mfukoni mwa koti soksi ndogo za manjano, zimepauka, akamvalisha mguu mmoja, halafu wa pili. Zilimbana kidogo.