Kipande cha Kwanza ni cha Mama

Simpendi wifi yangu, na nalisema mapema asije mtu akadai nilimficha. Ni mke wa kaka yangu wa pekee. Kaka ni dereva wa malori ya masafa marefu. Kwa mwezi yuko nyumbani siku nne, na zote nne hulala. Nyumba waliyopanga ilipouzwa, alimleta mkewe na watoto wawili kwa mama, akashusha masanduku, akapiga honi, akaenda zake. Mimi nilikuwa humo miaka kumi na miwili, cherehani yangu dirishani, nikimtunza mama. Hakuna aliyeniuliza. Wanasema mafahali wawili hawakai zizi moja. Sisi majike tuliwekwa jiko moja, lenye oveni moja, tena ile ambayo mlango wake unafungwa kwa waya.

Sanduku la kwanza alilofungua halikuwa la nguo. Alitoa mizani. Alikuwa amepika hospitali miaka tisa, upande wa wagonjwa wenye masharti ya chakula, mpaka walipompunguza kazini, na alichoondoka nacho huko ni ile mizani na kiburi. Kila kitu alikipima. Shayiri, ile bapa ya pakiti, hakuiamini pakiti yenyewe ilivyoandikwa uzito. Mdalasini alisawazisha kijikoni kwa mgongo wa kisu, taratibu, kama anayemnyoa mtoto mchanga. Nikampa jina la Mizani. Watoto wake walilicheka siku mbili, siku ya tatu wakaanza kulitumia.

Kazi yake ilikuwa kifungua kinywa cha trei. Jioni huloweka shayiri kwenye maziwa na kuiweka kwenye friji. Alfajiri huponda ndizi zilizoiva mpaka ganda likawa jeusi, akakwangua tufaha pamoja na ganda lake, akatia zabibu kavu, mayai na beking pauda, kisha oveni dakika arobaini. Sukari hakuna, hata chembe. Utamu, husema, ni kazi ya ndizi. Wiki ya kwanza nilizitupa zile ndizi nyeusi, nikijua zimeoza. Hakunigombeza. Alizitoa kwenye pipa moja moja, akazifuta, akazimenya mbele ya macho yangu na kuzipika. Tangu siku ile tukawa hatusemezani ila kwa lazima.

Watu walizipenda hizo trei, siwezi kudanganya. Saa kumi na mbili na nusu mlango ulikuwa haupumziki: muuguzi wa nyumba ya pili anayetoka zamu, baba mwenye mapacha, mama wa ghorofani ambaye wanawe walikuwa wakienda shule na njaa kwa sababu asubuhi hawataki uji. Sasa walishuka ngazi kila mmoja na kipande chake mkononi. Mizani alikuwa na sheria mbili. Ya kwanza, haonji. "Mpishi anayeonja hajui alichoweka," anasema. Ya pili, kipande cha kwanza cha kila trei ni cha mama, kwa sababu mama ana kisukari na chakula kile alikiweza.

Siku moja mama alirudi kutoka kliniki uso umemchangamka. Sukari imeshuka. Muuguzi wa nyumba ya pili alikuwepo, amefuata trei yake. Wifi akaona hapo ndipo pa kusemea.

"Unaona sasa, mama? Miaka yote ile ilikuwa ni mkono mzito tu. Wifi hapa akipika uji wake, sukari ilivyo, kijiko kinasimama chenyewe."

Muuguzi akacheka. Hilo ningelimeza. Lakini mama naye akacheka, akashika tumbo kabisa, na hapo nikaumia. Miaka kumi na miwili nimemkanda miguu, nimempeleka hospitali kwa mgongo wangu siku lifti ilipokufa, leo mimi ndiye niliyemtia ugonjwa! Nilirudi kwenye cherehani nikashona mkono wa kulia mahali pa wa kushoto.

Wiki hiyohiyo mwalimu mkuu wa chekechea ya mtaa wa pili alipiga simu. Alitafuta mtu wa kuwapikia watoto sitini kifungua kinywa. Angekuja mwenyewe Jumamosi saa mbili, aone jiko, aonje. Sharti lake lilikuwa moja, bila sukari, maana wazazi wamechoka na meno mabovu. Nilimsikia wifi akimwapia: "Hata chembe, mwalimu. Ukiiona sukari, usinione mimi tena."

Hapo nikapata wazo, na lilinipendeza kweli.

Jumamosi alfajiri alichanganya vitu vyake, akafunika bakuli, akaenda kuoga. Nilimimina vikombe viwili vya sukari, nikakoroga mpaka mkono ukauma, nikafunika. Nilijua haonji. Mizani yake ingemwambia nini, na yeye alishamaliza kupima? Alirudi, akautazama mchanganyiko kidogo, akakunja uso kwamba umekuwa majimaji, kisha akaumwaga kwenye trei. Ulitoka kwenye oveni na rangi ambayo hajawahi kuipata, ya dhahabu mpaka kingoni. Alisimama akaitazama trei yake akiwa na furaha, na mimi nikawa na furaha ya kwangu.

Mwalimu mkuu alifika saa mbili kamili. Mwanamke mnene, miwani kwenye mnyororo. Alikagua friji, akainama chini ya sinki, akafika kwenye oveni.

"Na huu waya?"

"Umedumu kuliko kazi ya mafundi watatu," wifi akasema, na mwalimu akatabasamu. Mama alikuwa kitini pake, amevaa gauni nililomshonea la kutokea, maana alitaka mkwe wake apate kazi.

Trei ikapoa. Wifi akakata, akainua kipande cha pembeni, akakiweka kwenye sahani.

"Utanisamehe, mwalimu, mgeni ungeanza wewe. Lakini kipande cha kwanza ni cha mama."

Nilikuwa nimesahau. Wallahi nilikuwa nimesahau. Nilipanga kila kitu, saa ya kuoga, vikombe viwili, aibu yenyewe na jinsi nitakavyoinama kwenye cherehani nisionekane nikicheka, na mama sikumkumbuka hata mara moja. Sahani ilipita mbele yangu. Mama akamega kona, akaipeleka mdomoni.

"Mama, usile!"

Nilimpokonya sahani. Kile kipande cha mkononi nilikipiga kikaruka mpaka chini ya meza.

"Kuna nini?" mama akauliza. "Wewe, kuna nini?"

"Kina sukari."

"Hakina," wifi akasema. "Nimepima mwenyewe."

Mwalimu mkuu aliivuta trei kwake. Alikata kidogo kwa uma, akatafuna taratibu. "Kina," akasema. "Tena si haba."

Ndipo wifi akaonja. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akionja kitu alichopika. Kisha akaniangalia, na sikuwa na mahali pa kuuweka uso wangu.

"Dada, usafi wako nimeuona," mwalimu akasema, akifunga mkoba. "Ila mimi nina watoto sitini. Siwezi kuwalisha kutoka kwenye jiko ambalo mpishi hajui kilichomo."

Mlango ulipofungwa, wifi aliichukua trei nzima akaimwaga kwenye pipa, lile lile la ndizi. Alisema akiwa amenipa mgongo.

"Mimi ungeninyima kazi, sawa, tumechukiana. Mama je?"

Alipotoka, mama aliniita nikae karibu naye, na sauti yake haikuwa ya kubembeleza.

"Umejua ulichokitupa? Kazi ile ina vyumba viwili vya kuishi, nyuma ya shule. Angehama mwisho wa mwezi, yeye na wanawe. Aliniambia, 'Mama, acha nimpishe wifi kwenye nyumba yake.' Ungelijua, lakini nyinyi hamsemezani. Mchimba kisima huingia mwenyewe, mwanangu."

Huu ni mwaka wa pili, na bado tuko naye. Chekechea ilipata mpishi mwingine. Trei za watu wa mtaa zinaendelea, mlango bado haupumziki asubuhi, ila siku hizi bakuli lake huingia nalo bafuni. Sijamwomba msamaha, na yeye hajauomba ule wa uji. Mama hula kipande cha kwanza kama kawaida.

Cha pili huwekwa kwenye sahani juu ya meza ya cherehani yangu, kila siku, bila salamu. Pembeni yake wifi huweka bakuli la sukari, kifuniko wazi, kijiko ndani. Hungoja mlangoni aone. Nami hula kile kipande kikavu mpaka mwisho, sukari siigusi, mama akitutazama wote wawili.