Karanga Zenye Unga Mweupe

Kuna siku moja, mwanangu, nikiikumbuka hadi leo najisonya mwenyewe. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya sabini. Nilikuwa na mtoto mmoja, Zuhura, wa miaka mitatu, tukiishi kijijini Likunja na bibi yangu aliyenilea.

Bibi alihifadhi mbegu za karanga chunguni, kazichanganya na majivu. Wadudu hawakuzigusa. Watoto ndio waliozidokoa, kama watoto wote wa huku, lakini mwizi alijulikana papo hapo kwa mdomo wa kijivu. Alifokewa, akachekwa, yakaisha. Mimi nikaona hayo majivu ni ushamba. Nikaenda sokoni Nachingwea, nikapimiwa unga mweupe wa kuua wadudu kwenye kipande cha gazeti, nikaumwaga chunguni. Bibi sikumwambia. Ningemwambia nini, na mimi ndiye mjuaji?

Siku ya tatu Zuhura akatoka ndani na mdomo mweupe. Nilicheka, mwanangu! Nikamwita mwizi. Haukupita muda akaanza kutapika, kisha mikono na miguu ikawa inatetemeka. Nikambeba mgongoni mbio hadi zahanati, nalia njia nzima. Siku mbili hakunitambua.

Bibi alikuja akaketi kando ya kitanda, nikamweleza yote. Hakupandisha sauti.

"Mie majivu nimeyala tangu utoto, na nipo," alisema. "Huyo aliyekupimia unga, ulimwona akiuonja?"

"Hapana, bibi."

"Basi mwanao ndiye kauonja."

Zuhura alipona, alhamdulillahi. Mimi aibu ile sijapona.

Sasa nyie wazazi wa leo mnanichosha! Jana nimekuona kwa macho yangu: asubuhi unapulizia nyanya dawa, jioni unamkatia mwanao kachumbari ya nyanya zilezile. Na galoni la dawa umelisuuza, unatekea maji ya kunywa. Una akili kweli wewe?

Nisikilize. Dawa ikae mbali na mtoto na mbali na vyombo vya chakula. Usiyoijua, usiinunue. Bustani ya kulisha wanao usiipulizie kabisa; tia samadi, toa wadudu kwa mkono, ukubali mchicha wenye matundu. Sokoni usikimbilie kinachong'aa, muulize mkulima alitumia nini. Mtoto hana uchaguzi, anakula ulichompa.

Mwenyezi Mungu akulindie wanao, mwanangu. Wakue, wazeeke, na siku ikifika wao ndio wakuzike wewe. Amina.